Mbuga ya Wenye Gari

Ukitembea kwa miguu hadi lango kuu la Mbuga ya Kitaifa ya Nairobi, pale Lang'ata Road, hutaingia. Hata kama umeshalipa kwa eCitizen na risiti iko kwa simu, askari atakuuliza gari liko wapi. Kama huna, utaelekezwa pale kando, Safari Walk ama Animal Orphanage, ambako wanyama wamewekwa ndani ya ua na wewe unapita ukiwachungulia. Mbuga yenyewe, kilomita 117 za mraba, ni ya kutazamwa kupitia dirishani.

Sababu ya kwanza haihitaji maelezo: kuna simba. Hakuna mtu timamu anayetaka watoto wa shule waachiliwe kule watembee na sharubati mkononi. Lakini kuna watu waliotembea kwenye uwanda huo kwa miaka mingi, na ng'ombe wao, na simba wakiwa hapo hapo. Kutoka kwa watu hao hadi kwa askari anayekuuliza gari liko wapi kuna hadithi ndefu, na wengi wetu tuliozaliwa Nairobi hatukuisikia hata siku ile tuliyopelekwa mbugani kwa basi la shule.

Tuanze na neno lenyewe. Ukimwambia mama yako kesho una safari ya Kisumu, hatakuuliza kama utaona simba. Safari kwetu ni kutoka hapa kwenda pale. Karne ya 19, safari ilikuwa msafara wa watu waliotoka pwani kwenda bara kwa miguu, wiki baada ya wiki, wapagazi wakibeba nguo, shanga na chakula wakienda, na pembe za ndovu wakirudi. Wazungu walipofika waliajiri wapagazi hao hao, na wakaazima neno lao. Baadaye neno likarudi kwetu kupitia matangazo ya utalii likiwa limevaa nguo mpya: sasa safari ni kukaa kwa kiti, ndani ya gari la paa linalofunguka, na kuangalia wanyama. Yule aliyekuwa akitembea ameondolewa kwenye picha.

Reli ndiyo iliyoanza kumwondoa. Ilifika hapa mwaka 1899, mahali ambapo Wamaasai walipaita Enkare Nairobi, maji baridi. Miaka 10 baadaye, Aprili 1909, Theodore Roosevelt, aliyekuwa ametoka tu kwenye urais wa Marekani, alipanda treni Mombasa. Hakukaa ndani muda wote. Aliwekewa kiti mbele kabisa ya injini, akaja akitazama twiga na pundamilia wakikimbia pande zote mbili za reli. Huyo alikuwa mtalii maarufu aliyeiona nchi hii kama sinema. Treni ilimshusha Kapiti, ambako wapagazi zaidi ya 200 walikuwa wanamngoja wambebee mizigo. Yeye na mwanawe Kermit waliua wanyama zaidi ya 500 katika safari hiyo. Kapiti, kwa asiyejua, iko huko mbele ya Athi River, na mbuga ya Nairobi ni ncha ya kaskazini ya uwanda huo huo.

Wakati Roosevelt anapiga picha na faru aliowaua, wenye uwanda walikuwa tayari wanahamishwa. Mwaka 1904 serikali ya kikoloni iliwafanya viongozi wa Wamaasai watie sahihi mkataba uliowatoa kwenye malisho ya Bonde la Ufa na kuwagawa sehemu mbili, wengine Laikipia, wengine kusini mwa reli. Waliambiwa ardhi hiyo itakuwa yao daima. Daima ilidumu miaka saba. Mwaka 1911 mkataba wa pili uliwatoa Laikipia pia, na wengi walisukumwa kusini na mifugo yao. Walienda mahakamani, kesi iliyojulikana kwa jina la Ole Njogo, na mwaka 1913 wakashindwa kwa hoja ya kushangaza: kwamba Wamaasai ni taifa lenye mamlaka yake, kwa hiyo mikataba yao na Uingereza ni ya kimataifa na haiwezi kuamuliwa na mahakama ya koloni. Yaani walitambuliwa kuwa taifa siku ile tu ambayo kutambuliwa huko kungewanyima ardhi.

Kipande kilichokuja kuwa mbuga kilikuwa sehemu ya hifadhi kubwa ya kusini. Kuwinda kulikatazwa humo, lakini mambo mengine mengi yaliendelea. Wamaasai walichunga. Wasomali waliokuwa wametulia Nairobi walilisha mifugo yao huko pia. Wanajeshi walifanya mazoezi, na ndege za kijeshi za Uingereza zilidondosha mabomu. Taka za mji zilitupwa humo. Wazungu wa mjini walikuja na farasi wao wikendi. Ilikuwa fujo, lakini ilikuwa fujo ya watu wengi.

Hapa ndipo anaingia Mervyn Cowie. Alizaliwa Nairobi, akaenda ng'ambo, akarudi mwaka 1932 na kukuta wanyama wamepungua sana. Akaanza kupigania mbuga ya kitaifa. Serikali haikumsikiliza haraka, basi akafanya jambo ambalo leo tungeliita kutrend kwa makusudi. Aliandika barua kwa gazeti la East African Standard, akajiita mlowezi mkongwe, akapendekeza wanyama wote wa eneo hilo wamalizwe kwa bunduki. Wasomaji walikasirika, barua zikamiminika, na ghafla watu ambao hawakuwahi kufikiria habari ya mbuga wakawa wanaitetea. Sheria ya mbuga za kitaifa ilipitishwa mwaka 1945, na Desemba 1946 Nairobi ikafunguliwa, mbuga ya kwanza ya kitaifa nchini. Cowie akawa mkurugenzi wa mbuga zote.

Mimi simchukii Cowie. Bila yeye, huenda leo pale pangekuwa na mitaa ya Syokimau kutoka Mombasa Road hadi Ongata Rongai, na faru tungewasoma vitabuni. Lakini angalia mbuga ilivyofunguka. Wamaasai waliokuwa wakichunga ndani walitolewa. Wanyama waliachwa, na barabara zikachorwa za magari. Sasa jiulize, mwaka 1946, Nairobi, nani alikuwa na gari? Mwanamume Mwafrika alikuwa bado anatembea na kipande, ile hati iliyoonyesha ni nani na ameajiriwa na nani. Kumbukumbu ya wabebaji mizigo wa Vita vya Kwanza vya Dunia ilikuwa imebaki kwenye jina la mtaa, Kariokor. Katika mji huo, kuandika sheria ya kuingia kwa gari kulikuwa sawa na kuandika orodha ya wageni.

Uhuru ulikuja, bendera ikabadilika, na sheria ya gari ikabaki. Kuna mabasi ya shule, na KWS imewahi kuweka basi la wikendi kutoka mjini. Vijana wengi ninaowajua huenda kwa kuchanga: watu sita ama saba, van moja, kila mtu na snacks zake. Ukienda hivyo utaona jambo moja haraka. Siku nzima unaruhusiwa kushuka sehemu chache tu, kama pale kwenye mabwawa ya viboko, penye askari wa kukusindikiza, na kwenye eneo la kuchomea pembe za ndovu.

Hapo kwa pembe ushuke, hata kama jua ni kali. Tarehe 18 Julai 1989, Rais Moi aliwasha moto tani 12 za pembe, na picha zikazunguka dunia. Miezi michache baadaye nchi nyingi zilikubaliana kupiga marufuku biashara ya kimataifa ya pembe za ndovu. Tarehe 30 Aprili 2016, Uhuru Kenyatta alichoma tani 105 mahali hapo hapo. Cha ajabu ni kwamba mbuga ya Nairobi haina ndovu wa porini. Ni ndogo mno kwao. Pembe zililetwa kutoka kote nchini hadi hapa kwa sababu hapa ndipo kamera zinafika kwa urahisi. Tangu siku ya Roosevelt mbele ya injini, uwanda huu umekuwa mahali pa kutazamwa.

Shida ni kwamba mnyama haishi kwa kutazamwa. Anaishi kwa kutembea. Mbuga imezungushiwa ua upande wa mji, lakini kusini iko wazi, Mto Mbagathi ndio mpaka. Wakati wa kiangazi wanyama huingia ndani kutafuta maji. Mvua ikinyesha, nyumbu na pundamilia huvuka mto na kwenda Kitengela na uwanda wa Athi-Kapiti, ambako nyasi ni fupi na tamu, na simba huwafuata. Miaka ya 1970 nyumbu wa uwanda huo walihesabiwa kwa makumi ya maelfu. Leo ni maelfu machache, na wanaofika hadi mbugani ni wachache zaidi. Kati yao na nyasi kumeingia ploti za futi hamsini kwa mia, viwanda, kuta za mawe na waya.

Wanaoamua kama mnyama atapita ni watu wa Kitengela wenye ardhi, na wengi wao ni wajukuu wa wale waliosukumwa kusini. Tangu mwaka 2000 kulikuwa na mpango wa kuwalipa wenye ardhi takriban dola 4 kwa ekari kwa mwaka wasiweke ua. Piga hesabu: ekari 50, dola 200 kwa mwaka. Mwenye ploti jirani ameuza ekari moja tu na amenunua gari. Na usiku mmoja simba wakiingia zizini, hasara ni ng'ombe, ambaye ni karo ya muhula mzima.

Suluhu moja ilitoka huko huko, kwa mtoto. Richard Turere alikuwa mvulana mchungaji karibu na mbuga. Aligundua simba wanaogopa mwanga unaosonga, mtu akizunguka na tochi. Kwa hiyo akachukua betri kuukuu ya gari, paneli ya sola na kifaa cha indiketa ya pikipiki, akatengeneza taa zinazowaka kwa zamu kuzunguka zizi, ili simba adhani kuna mtu anatembea. Mwaka 2013 alialikwa kueleza uvumbuzi wake kwenye jukwaa la TED Marekani. Fikiria hilo kidogo: kilichomwokoa simba asiuawe ni taa zinazoigiza mtu anayetembea.

Halafu ikaja SGR. Mwaka 2016 jopo la kesi za mazingira liliamuru ujenzi wa kuvuka mbuga usimamishwe. Mwaka 2018 ujenzi ulianza, na tangu Oktoba 2019 treni inapita juu ya nguzo, zaidi ya kilomita sita, twiga wakiwa chini. Waliopinga walijitahidi, lakini walikuwa wachache. Na mimi naelewa kwa nini wengi walinyamaza. Mtu wa Pipeline ama Kawangware ambaye hajawahi kupita lile geti angetetea kitu gani? Cowie alifaulu kwa sababu wasomaji wa gazeti lake waliona wanaporwa kitu chao. Sisi tulitazama tu mtu mwingine akiporwa.

Mwaka 2020 mpango wa KWS wa kusimamia mbuga ulileta tena wazo la kuziba upande wa kusini kwa ua. Wenye ardhi na wahifadhi walipinga kwa nguvu, kwa sababu mbuga iliyozibwa pande zote inageuka kuwa Orphanage kubwa. Mjadala haujaisha. Kila msimu wa mvua, nyumbu waliobaki bado wanashuka mtoni Mbagathi, wanavuka, na kupita kando ya mazizi yenye taa, wakitafuta ploti ambayo mwenyewe hajaizungushia waya. Mwenye ploti hiyo huenda hajawahi kulipa kiingilio mbugani. Na akifika pale Lang'ata kwa miguu, ataulizwa gari liko wapi.