Deni la seli shina kwa Mulago

Mwaka 2006 Shinya Yamanaka na Kazutoshi Takahashi, watafiti wa Kyoto, waliingiza jeni nne katika seli za kawaida za panya, nazo zikarudi kuwa seli shina, zenye uwezo wa kuwa moyo, neva au damu. Yamanaka alipata Nobel mwaka 2012, na alistahili. Lakini historia hii ina mguu mmoja Kampala, na wanafunzi wa Makerere wana haki ya kuusikia.

Mwaka 1957, katika Hospitali ya Mulago, Daktari Hugh Trowell alimwita Denis Burkitt, daktari wa upasuaji, amtazame mvulana wa miaka mitano. Mataya yote yalikuwa yamevimba, meno yamelegea. Burkitt hakuuelewa ugonjwa ule. Wiki chache baadaye, akiwa Jinja, alichungulia dirishani akamwona msichana mwenye uso kama ule ule. Alipompapasa tumbo, akakuta uvimbe mwingine.

Vipande vya uvimbe kama huo vikaanza kusafirishwa kwa ndege kwenda kwa Anthony Epstein, London, aliyeshuku kuwa kuna virusi. Zaidi ya miaka miwili hakuona kitu. Tarehe 5 Desemba 1963 ukungu uliifanya ndege iende kutua Manchester. Chupa ilimfikia kwa kuchelewa, maji yake yamechafuka, na wengi wangeyamwaga wakidhani yameingiwa na bakteria. Epstein aliweka tone chini ya hadubini, akaona seli hai za uvimbe zikielea. Yeye na Yvonne Barr wakazikuza, na mwaka 1964 vikaonekana virusi vinavyoitwa leo kwa majina yao.

Mwaka 1982 ikajulikana kwamba katika uvimbe wa Burkitt, jeni iitwayo MYC huhamishwa kutoka kromosomu ya 8, ikabaki imewaka bila kuzimika. MYC ni mojawapo ya zile nne za Yamanaka, na ndiyo iliyomtia wasiwasi, kwa kuwa baadhi ya panya waliotokana na seli zake walipata uvimbe.

Hatari ya pili ilikuwa virusi ambavyo Yamanaka alivitumia kubebea jeni hizo, kwani vilijichomeka ndani ya kromosomu. Virusi vya Epstein-Barr havina lazima hiyo. Hukaa kama pete pembeni mwa kromosomu, vikinakiliwa seli inapogawanyika. Mwaka 2009 kundi la James Thomson, Marekani, liliazima vipande vyake kubebea jeni katika seli za binadamu. Jeni zikafanya kazi, pete zikapotea kidogo kidogo, zikabaki seli shina zisizo na jeni ya kigeni.