Sala kwetu Makiso: tulisali namna gani, na tunasali kwa nini?

Jumapili asubuhi, mtu akipita katika komini ya Makiso anasikia sala kila upande. Kengele ya kanisa kuu la Bikira Maria wa Rozari inalia karibu na mto, kwaya za Waprotestanti zinaimba, fanfari za Wakimbangu zinapita barabarani, na vipaza sauti vya makanisa ya uamsho havinyamazi. Watu wa toleka wanabeba bamama waliovaa vizuri, Biblia mkononi. Kumbe Jumatatu darasani mwanafunzi anatuuliza: «Mwalimu, kama watu wanasali hivi, mbona maisha ni yaleyale?» Swali hili halina utovu wa adabu. Tujaribu kulijibu kwa njia ya historia ya mji wetu.

1. Neno lilitangulia wamisionari

Neno «sala» lilifika hapa kabla ya padri yeyote. Ni neno la asili ya Kiarabu, na lilikuja na Waislamu waliotoka pwani, watu wa Tippu Tip, ambaye mwaka 1887 aliwekwa kuwa gavana wa Stanley Falls. Neno «kuomba» ni la Kibantu, la mababu zetu. Wakristo walipokuja walikuta maneno yote mawili, wakayatumia. Tuyashike vizuri, maana tutayarudia.

Padri Gabriel Grison na wenzake wa shirika la Moyo Mtakatifu wa Yesu walifika mwaka 1897, wakaanzisha misioni ya Saint-Gabriel karibu na mji. Mwaka 1908 Grison akawa askofu. Miaka ileile ya mwisho wa karne ya 19, Wabatisti wa Uingereza walijenga Yakusu, chini ya mto, kwa Walokele. Huko watu waliitwa kusali kwa ngoma ya mti, ile inayosema maneno na kusikika mbali juu ya maji. Mmisionari John Carrington aliichunguza ngoma hiyo, akaiandikia kitabu mwaka 1949. Yakusu ilikuwa pia na hospitali: kuanzia mwaka 1920 daktari Clement Chesterman alipambana na ugonjwa wa malale pamoja na wauguzi wenyeji. Kwa hiyo, tangu mwanzo wazee wetu waliona sala na kazi zikikaa katika kiwanja kimoja.

2. Sala wakati wa shida

Mwaka 1961 maaskofu wa Kongo waliamua kwamba Kanisa lijengwe juu ya jumuiya ndogo za Wakristo, zile tunazoziita mashirika. Majirani wa avenyu moja wanakutana nyumbani kwa mmoja wao, wanasoma Neno, wanasali, halafu wanauliza: nani mgonjwa, nani amefiwa?

Shida haikuchelewa. Agosti 1964 Wasimba waliuteka mji. Novemba na Desemba mapadri, watawa, wachungaji na raia wengi waliuawa katika eneo letu. Huko Isiro, tarehe 1 Desemba 1964, aliuawa Sista Anuarite Nengapeta, mzaliwa wa Wamba, ambaye alimsamehe muuaji wake. Papa Yohane Paulo wa Pili alimtangaza mwenye heri Kinshasa, tarehe 15 Agosti 1985. Sala ya Anuarite haikumwokoa na kifo. Ilimpa nguvu ya kusamehe, na hilo si jambo dogo.

Mwisho wa mwaka 1974 serikali ya Mobutu ilichukua shule za makanisa na kufuta somo la dini. Noeli nayo ilikuwa imekwisha kuondolewa katika sikukuu za taifa. Shule zilirudishwa mwaka 1977. Katikati hapo, watoto walijifunza Baba Yetu kwa mama zao na katika shirika.

Halafu kukaja vita ya siku sita, tarehe 5 hadi 10 Juni 2000. Majeshi ya Rwanda na Uganda yalipigana ndani ya mji usio wao. Umoja wa Mataifa ulihesabu mabomu zaidi ya 6,600 na wafu raia zaidi ya 760. Sisi wakati ule tulikuwa vijana. Tulilala chini, watu wa nyumba tatu katika chumba kimoja: Wakatoliki, Waprotestanti, na familia moja ya Waislamu. Kila mmoja alisali kwa njia yake, na maji kidogo yaliyokuwepo tuligawana kwa kikombe. Hakuna aliyeuliza dini ya mwenye kiu.

3. Sala au maombi tu?

Tangu mwaka 1990, vyama vingi viliporuhusiwa, makanisa mapya yaliongezeka sana. Hatuyalaumu yote: yameokoa walevi na kupatanisha ndoa. Lakini hapa na pale sala imebaki maombi tu: visa, ndoa, kazi, egzetati. Mwanafunzi wetu mmoja wa mwaka wa sita alikesha kanisani majuma matatu kabla ya mtihani, akaacha daftari zake. Alipoanguka, aliambiwa kwamba nyanya yake ndiye amemfunga kwa ulozi. Mama mzee akafukuzwa katika nyumba aliyoijenga mwenyewe.

Waliomrudisha ni bamama wa shirika. Kila jioni walikwenda kwa familia ile na rozari, na sahani ya sombe. Hawakugombana na mtu. Walisali, wakala pamoja na yule mzee mbele ya macho ya wote, mpaka aibu ikawashika wenye nyumba. Mwaka uliofuata kijana alisoma, nyanya akimchemshia chai usiku, akapata diploma yake.

Mwisho

Wasomaji wapenzi, sala aliyotufundisha Yesu inaitwa Baba Yetu, si Baba Yangu. Ndani yake mkate unaombwa, ndiyo, lakini ni mkate wetu sote, na msamaha unaombwa na mtu aliye tayari kusamehe. Misa ya Kizaire, iliyokubaliwa na Roma mwaka 1988, inatuonyesha vilevile: tunasikiliza Neno kwanza, ndipo tunatubu, kisha tunapeana amani kabla ya kupeleka matoleo.

Basi tunamjibu mwanafunzi wetu hivi: kuomba ni sehemu ya sala, lakini sala ni kubwa kuliko kuomba. Sala haifanyi kazi mahali pa daftari, wala mahali pa dawa. Inatubadilisha sisi, ili nyumba ya jirani ibadilike. Jumapili tukitoka kanisani, tupite kwanza kwa yule mzee ambaye hakuna anayemsalimia.