Mlima Elgon: Jinsi magonjwa ya kuambukiza yanavyodhibitiwa kuanzia kijijini

Na MWANDISHI WETU

MNAMO Oktoba 19, 2017, serikali ya Uganda ilitangaza kuwa ugonjwa wa Marburg umezuka wilayani Kween, kwenye miteremko ya kaskazini ya Mlima Elgon. Watu watatu wa familia moja walifariki. Mmoja wao alikuwa amezuru Kenya kabla ya kufa.

Habari hizo zilipofika, wakazi wa Kapsokwony hawakuhitaji kuelezwa maana yake. Wasabaot wa upande huu na Wasabiny wa upande wa pili ni ndugu kwa lugha na kwa damu, nao hutembeleana wakati wa arusi, matanga na siku za soko. Virusi havina haja ya kupitia kituo cha mpakani.

Jumla ya watu 316 waliokuwa wamekaribiana na wagonjwa walifuatiliwa katika nchi zote mbili, na Desemba 8, 2017, mlipuko huo ulitangazwa kuwa umekwisha. Kabla ya tangazo hilo, siku 42 zilikuwa zimepita bila mgonjwa mpya. Idadi hiyo ni maradufu ya siku 21, ambao ndio muda mrefu zaidi wa virusi hivyo kukaa mwilini kabla ya dalili kuonekana.

Makala haya yanaeleza namna huduma za kukinga na kudhibiti maradhi kama hayo zinavyofanya kazi katika eneo la Kapsokwony, makao makuu ya Kaunti Ndogo ya Mlima Elgon, Kaunti ya Bungoma.

Ngazi za huduma

Tangu mwaka 2013, huduma nyingi za afya ziko chini ya serikali za kaunti, kwa mujibu wa Katiba ya 2010. Wizara ya Afya ilibakia na sera pamoja na hospitali za rufaa za kitaifa.

Ngazi ya kwanza ni kijiji chenyewe. Hapa kuna wahamasishaji wa afya ya jamii, ambao kila mmoja hutembelea takriban nyumba 100. Mnamo Septemba 2023, wahamasishaji wapatao 100,000 kote nchini walianza kupewa mikoba yenye vipimajoto na vifaa vingine. Ngazi ya pili ni zahanati, ya tatu kituo cha afya, na ya nne hospitali ya kaunti ndogo.

Taarifa za maradhi hupanda ngazi hizo hizo. Kila wiki, vituo huwasilisha idadi ya wagonjwa kwa mratibu wa ufuatiliaji wa magonjwa wa kaunti ndogo, naye huzipeleka kwenye kaunti na wizarani. Hata hivyo, kuna maradhi yasiyosubiri mwisho wa wiki. Kipindupindu, mtoto kupooza kwa ghafla na homa zinazosababisha kuvuja damu huripotiwa mara moja, hata kabla ya maabara kuthibitisha.

Sheria ya Afya ya Umma, Sura ya 242, haikumwachia daktari pekee jukumu hilo. Mkuu wa familia pia anatakiwa kutoa taarifa akijua kwamba nyumbani mwake mna mtu mwenye ugonjwa wa kuambukiza ulioorodheshwa. Bwana afya naye ana mamlaka ya kukagua nyama, mikahawa, vyoo na vyanzo vya maji.

Popo na mapango

Mlima Elgon una historia ya kipekee katika maradhi haya. Mwaka 1980, raia mmoja wa Ufaransa aliyekuwa amezuru pango la Kitum, katika mbuga ya kitaifa upande wa Trans Nzoia, alifariki jijini Nairobi kutokana na Marburg. Daktari aliyemhudumia aliambukizwa lakini akapona. Mnamo 1987, mvulana wa miaka 15 kutoka Denmark aliugua siku tisa baada ya kuingia katika pango hilo hilo, naye akafa.

Wanasayansi wamebainisha kwamba virusi hivyo huhifadhiwa na popo wala matunda wanaoishi mapangoni. Mtu akishaambukizwa, huweza kuwaambukiza wengine kupitia damu, matapishi na majimaji mengine ya mwili, hata baada ya kufa. Ndiyo sababu maiti ya mgonjwa wa Marburg haioshwi na jamaa, jambo ambalo ni gumu kwa familia yoyote kulikubali.

Hakuna chanjo wala dawa maalumu iliyoidhinishwa. Lakini nchini Rwanda mwaka 2024, kati ya wagonjwa 66 walifariki 15, idadi ndogo kuliko ilivyozoeleka kwa ugonjwa huu. Wagonjwa waligunduliwa mapema na kupewa matibabu ya karibu.

Malaria na chanjo

Maradhi yanayowasumbua wakazi kila siku ni mengine. Watu wa nyanda za juu huumwa na mbu wachache, hivyo miili yao haijengi kinga dhidi ya malaria. Mvua na joto vikizidi, ugonjwa huwaangusha hata watu wazima. Kenya ilianza kutoa chanjo ya malaria kwa watoto Septemba 2019, na Bungoma ni miongoni mwa kaunti nane zilizochaguliwa. Dozi ya kwanza hutolewa mtoto akiwa na miezi sita.

Chanjo za pepopunda, dondakoo, kifaduro na homa ya ini hutolewa katika wiki ya sita, ya kumi na ya kumi na nne. Ile ya surua na rubela hutolewa miezi tisa, kisha miezi 18. Dozi hii ya pili ndiyo husahaulika kwa urahisi, kwa kuwa mtoto tayari anatembea na mama haoni tena sababu ya kurudi kliniki.

Chanjo huharibika zisipowekwa kwenye baridi tangu bohari hadi zahanati. Barabara ya mlimani ikikatika wakati wa masika, au watu wakihama makwao kama ilivyotokea wakati wa machafuko ya 2006 hadi 2008, ratiba huvurugika na surua hupata mwanya.

Mwananchi afanye nini

Homa kali ya ghafla, kuumwa kichwa na kutapika huweza kuwa malaria, homa ya matumbo au Marburg. Macho hayawezi kutofautisha. Mgonjwa apelekwe kituoni mapema, na mhudumu aelezwe ukweli wote: kama aliingia pangoni, alichinja mnyama wa porini, alivuka mpaka au alihudhuria mazishi.

Kijitabu cha kliniki cha mtoto kihifadhiwe hata familia inapohama. Na vifo viwili vya karibu katika boma moja visichukuliwe kuwa ni uchawi kabla ya bwana afya kuarifiwa.