Chombo na Chakula

Msomaji, katika nchi ya Migori, penye maporomoko ya Gogo ya mto Kuja, wachimbuzi wa mambo ya kale walifukua vigae vya vyungu vya watu walioishi huko zaidi ya miaka 2000 iliyopita. Majina yao hatuyajui, wala lugha yao hatukuisikia. Walakini kigae si kitu bubu. Udongo uliochomwa una vitundu vidogo mno, na mafuta ya chakula hupenya humo yakakaa. Mwaka 2020 wataalamu walitangaza kwamba katika vigae vya wafugaji wa kale wa Kenya na Tanzania walikuta mabaki ya maziwa, nyama na mimea. Basi funzo la kwanza ni hili: chombo na chakula havikai pamoja bila kupeana kitu. Chakula kilikiachia chungu alama yake. Je, chombo nacho hukiachia chakula nini?

Wazee wetu wa kandokando ya ziwa walijua jibu kwa ulimi. Maji ya mtungi, ambao Waluo huuita dapi, yana ubaridi na ladha ya udongo. Maziwa ya kibuyu yana ladha ya kibuyu. Lakini mfinyanzi alikuwa jirani. Aliyetaka kujua mtungi umetengenezwa kwa kitu gani alikwenda kumwuliza, na udongo wenyewe akauona.

Kisha kikaja chombo cha bati. Mwaka 1810 Peter Durand alipata hataza mjini London ya kuhifadhi chakula katika mikebe ya bati. Biashara ilipofika kwetu, debe la mafuta ya taa likawa chombo cha maji na kipimo cha nafaka. Hata leo sokoni twapima mahindi kwa gorogoro, ambayo asili yake ni mkebe wa mafuta ya kupikia. Bati lilikuwa imara, lakini mikebe ya zamani iliunganishwa kwa risasi, na risasi ni sumu iliyoweza kuingia katika chakula. Marekani ilipiga marufuku mikebe ya chakula ya namna hiyo mwaka 1995. Hesabu mwenyewe ni miaka mingapi.

Plastiki ilifuata. Mwezi Machi 1933, huko Winnington, Uingereza, Reginald Gibson na Eric Fawcett walikuta katika mtambo wao kitu cheupe mfano wa nta. Kilikuwa polithini, ambayo baadaye ilifanywa mifuko na madumu. Tusiwe wakosefu wa shukrani: dumu la plastiki ni jepesi, halivunjiki, na limempunguzia mama mzigo kichwani atokapo ziwani.

Lakini plastiki nayo hutoa. Aghalabu watengenezaji huitia vitu vingine vya kuilainisha, kuipa rangi au kuikinga na jua. Vingi vya vitu hivyo havikufungwa imara ndani yake, hivyo huweza kutoka na kuingia katika chakula. Mambo manne huharakisha safari hiyo: joto, mafuta, ukali kama wa ndimu, na muda mrefu. Ukitaka ushahidi, chukua dumu lililokaa mafuta ya taa, ulioshe mara saba, ulijaze maji, kisha uyanuse kesho yake. Plastiki ilipokea, na sasa yatoa.

Tazama pia habari ya bisfenoli A. Mwaka 1936 Charles Dodds na Wilfrid Lawson walionyesha kwamba kitu hicho hufanya kazi mwilini mfano wa homoni ya kike. Hata hivyo, baadaye kilitumiwa kutengeneza plastiki ngumu na utando wa ndani ya mikebe. Umoja wa Ulaya ulikikataza katika chupa za watoto wachanga mwaka 2011, yaani miaka 75 baada ya onyo la kwanza, na mwezi Desemba 2024 ukaamua kukikataza katika vyombo vingi vya chakula.

Kwetu Kenya, tarehe 28 Agosti 2017, mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa ilipigwa marufuku. Sababu kubwa ilikuwa taka: mifuko iliziba mitaro na kumezwa na mifugo. Sheria ilitazama mfuko uliokwisha kutupwa. Habari ya chakula kilichokaa ndani ya plastiki kabla ya kutupwa imebaki juu yetu. Bado wako wafunikao sufuria ya wali kwa karatasi ya nailoni ili mvuke usitoke, na watiao omena wa moto wenye mafuta katika ndoo iliyokuwa ya rangi ya nyumba. Hapo joto, mafuta na plastiki vimekutanishwa kwa mkono wetu wenyewe. Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako.

Sikuambii urudi katika maisha ya kale. Mwishoni mwa karne ya 20, shirika la CARE Kenya lilipofundisha kusafisha maji ya kunywa nyumbani katika vijiji vya wakulima na wavuvi, vikiwemo vya Homa Bay, wafinyanzi wa huko walifinyanga mitungi mipya: mdomo mwembamba ili mkono usiingie, kifuniko, na bomba la kuchotea. Mtungi wa zamani ulikubali elimu mpya, na maji yakabaki baridi.

Nawe fanya vivyo hivyo. Uji wa moto uutie katika kikombe cha bati au cha udongo. Plastiki iliyotengenezwa kwa chakula iwekee vitu vikavu na vya baridi. Ndoo ya rangi au ya dawa ya shamba isiingie jikoni kamwe. Na kila upewapo chombo kipya, uliza kama mtu wa kale alivyomwuliza mfinyanzi: kimetengenezwa kwa kitu gani? Mfinyanzi wa leo yu mbali, lakini swali ni lile lile.