Kabla ya Alama ya X: Uwanja wa Songwe na Barabara Zetu



Wageni wengi hudhani Uwanja wa Ndege wa Songwe uko mkoani Songwe. Hauko. Uko Mbeya, ukishapita Mbalizi, na ulipata jina kabla mkoa wetu haujazaliwa. Uwanja ulifunguliwa Desemba 2012. Mkoa ulianzishwa 2016. Wote wawili waliazima jina la mto. (Na mito yenyewe ni miwili: mmoja humwaga maji Ziwa Rukwa, mwingine Ziwa Nyasa. Hilo tuwaachie walimu wa jiografia.)

Kabla ya hapo ndege zilitua kwenye kiwanja cha zamani ndani ya mji wa Mbeya. Nyumba zilikizunguka, milima ikakaa nyuma yake, na pa kukirefusha hapakuwepo. Ndipo serikali ikahamia kwenye tambarare ya Songwe, ambako barabara kuu ya kwenda Zambia, reli ya TAZARA na kiwanda cha saruji vilikuwepo tayari. Ujenzi ulisuasua miaka mingi, lakini ikapatikana njia ya kurukia yenye urefu wa zaidi ya kilomita 3.

Lami peke yake haikutosha. Kwa karibu miaka 10 baada ya kufunguliwa, taa za kuongozea ndege zilikosekana, na asubuhi ya ukungu rubani aliweza kugeuza na kurudi Dar es Salaam na abiria wake wote. Kimondo cha Mbozi kilitua pale Ndolezi bila taa wala mnara, lakini hicho hakikuwa na ratiba.

Kahawa yetu haina haraka. Hupanda lori mpaka bandarini. Mboga na matunda laini ndiyo yanayohitaji ndege, na kabla ya ndege yanahitaji maji safi ya kuoshea, umeme usiokatika wa chumba cha baridi, na barabara isiyoyaponda njiani. Vyote hivyo huanzia shambani, si uwanjani.

Sasa barabara ya kutoka Nsalaga hadi Ifisi, kilomita 29, inapanuliwa kuwa njia nne. Upanuzi wa aina hiyo una historia yake, na wenzetu wa kando ya barabara kuu wanaijua vizuri. Sheria ya Barabara ya mwaka 2007 iliongeza hifadhi ya barabara kutoka mita 22.5 hadi mita 30 kila upande, kuanzia katikati ya barabara. Zikaja alama za X. Aliyekuwa ndani ya zile mita 7.5 za nyongeza kabla ya sheria alistahili fidia anapohamishwa. Aliyejenga ndani ya hifadhi ya zamani alibomoa kwa gharama yake, hata kama aliuziwa kiwanja kile mbele ya mashahidi na soda zikanywewa.

Iyula bado tuna nafasi. Barabara zetu nyingi ni za vumbi na ziko chini ya TARURA, na kwingi mashamba ya kahawa na mahindi yanakaribia kabisa ukingo wa njia. Vijana wameanza kujenga fremu za maduka humo humo. Bomba la maji na nguzo za umeme zikija zitataka kupita hapo hapo.

Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 inaipa halmashauri ya kijiji, kwa idhini ya mkutano mkuu, uwezo wa kupanga matumizi ya ardhi yake. Kinachokosekana ni fedha za wataalamu, ramani na vigingi. Michango ya mwaka huu itaanza na kazi hiyo: kuweka vigingi kwenye njia zinazotoka vijijini kwenda barabara ya lami, kwa makubaliano na kila mwenye shamba, pamoja na ukanda wa bomba na wa nguzo. Mwenye shamba linalopakana na njia anaombwa afike mwenyewe siku ya kupima, au amtume mtu mzima wa familia anayeijua mipaka.