Geji Ni ya Nani?

Jumamosi moja nilikuwa Gachoka, nimekalia mtungi wa oili uliopinduliwa, nikimwangalia fundi akikata paipu ya redieta iliyokuwa nzima kabisa. Mjomba alisimama kando, mikono nyuma, kama mzazi aliyempeleka mtoto kudungwa sindano.

"Mzee, tulia," fundi akamwambia. "Tunaipatia tu jicho."

Jicho lenyewe lilikuwa geji ya joto, saizi ya kifuniko cha chupa ya uji, ambayo mjomba alikuwa amenunua Embu mjini. Kigari chake cha Kijapani hakikuja na mshale wa joto. Kwenye dashibodi kuna taa mbili tu: ya buluu injini ikiwa baridi na nyekundu mambo yakiharibika. Katikati hapo hauambiwi kitu.

Mjomba hubeba muguka. Kama unajua Mbeere, unajua muguka haungoji mtu. Unachumwa asubuhi, na ukinyauka, bei inanyauka nao. Agosti alitoka Kiritiri na mzigo umejaa hadi dirishani, akaanza kupanda kuelekea Embu. Taa nyekundu ilipowaka, mvuke ulikuwa tayari unatoka kwa boneti. Gasketi ya hedi ilikuwa imeungua. Mzigo ulinyaukia kando ya barabara, na pesa ya kutengeneza injini ikatoka kwa karo ya binti yake wa Form Two. Muhula wa tatu binti alianza akiwa amechelewa wiki mbili. Nyumbani hakuna anayetaja jambo hilo.

Kwa hivyo hii geji haikuwa urembo.

Kupima joto la injini ni jambo la zamani karibu kama gari lenyewe. Miaka ya 1910, Mmarekani aitwaye Harrison Boyce alianza kuuza kipimajoto cha kufungwa juu ya kifuniko cha redieta, nje kabisa, mbele ya boneti. Dereva alikuwa akikisoma kupitia kioo, kama vile unavyomwangalia ng'ombe uone kama anapumua sawa. Magari mengi ya enzi hizo, hata Ford Model T iliyouzwa kwa mamilioni, yalitoka kiwandani bila geji ya joto. Mwenye gari aliongeza yake. Baadaye kipimo kikahamia ndani, kwenye dashibodi, na mshale ukawa kitu cha kawaida.

Huku kwetu, walioufanya mchezo wa kuongeza vipimo uwe heshima ni watu wa Safari Rally. Mashindano hayo yalianza 1953 kama Coronation Safari, kwa ajili ya kutawazwa kwa Malkia Elizabeth, yakipita Kenya, Uganda na Tanganyika. Magari yalikuwa ya kawaida ya dukani, lakini dashibodi zake ziliongezewa saa na vipima umbali. Joginder Singh, aliyekuwa fundi kabla ya kuwa bingwa, alishinda 1965 na kakake Jaswant katika Volvo iliyokuwa imeshatumiwa na wengine. Peugeot 404 nayo ilishinda mara nne kati ya 1963 na 1968, na si ajabu gari hilohilo likageuka kuwa teksi na matatu kote nchini. Mjomba alijifunzia kwa moja. Anasema ule mshale wake wa joto ulimfundisha kuendesha kuliko mwalimu.

Halafu mishale ikaanza kupotea. Watengenezaji waliona wateja wanapiga simu kila mshale ukisogea kidogo. Kwenye magari mengi mshale ukafanywa usimame katikati hata joto likipanda na kushuka, na kwenye magari madogo mengi ukaondolewa kabisa, zikabaki taa. Huenda hilo linatosha kwa mtu anayeendesha Yokohama kwenda kazini. Ila magari hayo yakimaliza kazi huko huletwa kwetu, yanapewa magunia na mlima.

Fundi aliweka kiungio cha chuma katikati ya paipu aliyoikata, akakaza klipu mbili, akafunga kihisi juu yake. Kisha akaongeza waya mfupi mweusi kutoka kwenye kiungio hadi kwenye bodi. "Wengi husahau huu," akasema. "Chuma kimekaa kati ya raba, hakina athi. Geji itakudanganya." Waya mwingine akaupitisha kwenye tundu la ukuta wa injini hadi kwenye fyuzi inayopata moto ufunguo ukiwashwa. Dakika arobaini, kazi ikaisha.

Nikamuuliza mjomba kama amewahi kufunga kitu kingine kwenye gari. Akacheka. "Nilifungiwa. Na Michuki."

Mwaka 2003 mjomba alikuwa dere wa matatu kati ya Embu na Nairobi. Oktoba mwaka huo, John Michuki, waziri wa uchukuzi, alitangaza sheria mpya: mikanda kwa kila kiti, mstari wa manjano ubavuni, sare kwa madereva na makondakta, na kidhibiti mwendo kisichoruhusu gari kupita kilomita 80 kwa saa. Sheria zilianza kutekelezwa tarehe 1 Februari 2004. Matatu zilitoweka barabarani, na watu wakatembea kwa miguu kwenda kazini. Kidhibiti chenyewe madereva walikiita spidi gavana, miaka tisa kabla kaunti hazijapata magavana wao.

"Na ulifuata?" nikamuuliza.

Akaangalia chini. "Miezi ya kwanza. Baadaye fundi akatuonyesha waya wa kuchomoa."

Nilitaka kuandika kwamba hapa ndipo tofauti ilipo: kile cha serikali hukatwa waya, kile chako unakilipia na kukilinda. Mjomba mwenyewe aliniambia hivyo. "Ile ilikuwa ya serikali. Hii ni yangu." Sentensi nzuri, na nilikuwa karibu kuishia hapo.

Lakini nimekaa kiti cha nyuma cha matatu usiku, nikishika kiti cha mbele kwa mikono miwili. Abiria hana geji. Haoni mshale, na akiuona hawezi kufanya lolote. Ule waya mjomba aliokuwa akichomoa ulikuwa jicho la watu kumi na wanne wasioona dashibodi. Sikumwambia kwa ukali. Nilimuuliza tu: muguka na abiria, ni upi mzigo unaostahili kulindwa zaidi?

Alinyamaza muda mrefu. Kisha akasema, "Nilikuwa kijana. Na mwenye gari alitaka hesabu jioni." Hilo pia ni kweli. Aliyekuwa akiangalia mshale si yeye aliyekuwa akipanga hesabu.

Siku hiyo alasiri tulijaribu gari, mzigo kamili, hadi Embu. Mshale ulipanda polepole ukatulia karibu na 88. Tulipokaribia mwisho wa mlima ukafika 97, halafu 101. Taa nyekundu bado ilikuwa imezima. Kwenye mwinuko wa kama mita 1,200, maji matupu huchemka karibu digrii 96. Kinachoyazuia ni shinikizo la kifuniko cha redieta, na cha mjomba ni cha zamani. Akaegesha chini ya mti, akazima, akafungua boneti. Soketi ya feni ilikuwa imelegea. Akaikaza kwa vidole, tukangoja robo saa, tukaondoka.

Tulifika tumechelewa kidogo. Mnunuzi akalalamika, akalipa.

Njiani tukirudi nilimwona mjomba akiangalia geji mara kwa mara, hata kwenye mteremko ambapo hakuna haja. Kisha akainama kidogo, akaangalia na mshale wa mwendo. Ulikuwa 90. Hakusema kitu, akaondoa mguu kidogo kwenye mafuta.