Mavuno ya Mouton katika Mwaka wa 1945

Shamba la mizabibu la Château Mouton Rothschild liko Pauillac, kaskazini ya Bordeaux nchini Ufaransa, juu ya udongo wa changarawe. Katika Vita Kuu ya Pili liliangukia mikononi mwa Wajerumani. Mwanzoni mwa Mei 1945, siku chache kabla ya amani kutangazwa Ulaya, jalidi iliishukia mizabibu iliyokwisha kuchipua, ikaunguza machipukizi mengi. Msimu ukaanza kwa hasara.

Lakini hasara hiyo ilizaa jambo jingine. Mashina yaliyopoteza vishada vingi yalilisha vichache vilivyosalia. Kiangazi kikawa cha joto na ukavu. Zabibu zikawa ndogo, zenye maganda mazito na maji haba. Zilichumwa Septemba, mapema kuliko desturi. Kwa kuwa rangi na ukakasi wa divai nyekundu hutoka katika maganda, divai ya mwaka ule ilikuwa nzito, yenye nguvu ya kuishi miaka mingi. Nayo huhesabiwa miongoni mwa divai bora za karne ya ishirini.

Mwenye shamba, Philippe de Rothschild, alimwagiza mchoraji Philippe Jullian aipambe karatasi ibandikwayo chupani kwa herufi V, alama ya ushindi. Hali Élisabeth, mama wa binti yake, alikuwa amefariki mwaka uo huo katika kambi ya Ravensbrück. Wahenga walinena kwamba baada ya dhiki faraja. Chupa ile yashuhudia kuwa faraja huja, wala haiifuti dhiki.